Madoa kwenye Benzi ya Mzee Vangjel

"Weka chini hiyo sponji, Petraq, kabla sijakumwagia maji."

Petraq aliganda, mkono hewani. Mirela alikuwa amesimama mbele yake na mabuti ya mpira, mlangoni mwa sehemu ya baba yake ya kuoshea magari, hapo Përmet mjini. Boneti ya Benzi nyeusi ilijaa madoa meupe, utadhani imerushiwa maziwa.

"Nimesugua kidogo tu."

"Na hicho kidogo kimechora. Hii ni chokaa ya maji, imekaukia juani. Ukisugua kavu unakwangua rangi."

Benzi ilikuwa ya mzee Vangjel, baba yake Petraq, mtu anayefuta vioo vya gari kabla hajamsalimia mkewe. Kesho Jumapili angeipanda kwenda kumposea mwanawe binti huyu huyu, Mirela. Asichojua ni kwamba Petraq alikuwa akiichukua kimyakimya kila alfajiri, anaiegesha chini ya roshani ya kina Mirela, wanapiga soga yeye chini, binti dirishani. Waridi za juu zikimwagiliwa, maji yanachuruzika mpaka kwenye boneti. Na msimamo wa mzee ulijulikana mtaa mzima: kijana anayemdanganya baba yake hajafikia kuoa.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa baba: "Gari langu liko wapi?"

"Nitamwambia nilikutana na mvua njiani," Petraq alisema.

"Mvua mwezi wa saba? Sukuma gari kivulini, bwana."

Mirela aligusa boneti kwa mgongo wa kiganja, akasubiri ipoe. Akaosha vumbi kwa shampuu. Kisha akachanganya siki nyeupe na maji ya betri, yale yasiyo na chokaa wala asidi, nusu kwa nusu, akalowesha kitambaa laini na kukilaza juu ya madoa. Hakusugua. Alikiacha kidogo, akapangusa taratibu, akasuuza palepale na kukausha kabla maji hayajajikausha yenyewe. Weusi ukarudi, kipande baada ya kipande. Petraq alisahau hata simu.

"Unajua ulivyo mzuri ukiwa kazini?"

"Shika ndoo."

Mirela alikuwa anamalizia kupaka nta wakati mzee Vangjel alipoingia kwa miguu, anahema. Mzee Sotir, baba yake Mirela, naye akachungulia kutoka ofisini.

"Petraq, Benzi inafanya nini hapa?"

"Baba, kulikuwa na mv..."

"Si mvua, mzee," Mirela alidakia. "Ni maji ya maua yetu. Ilikuwa inaegeshwa chini ya roshani."

"Roshani ipi?" Sotir aliuliza.

"Yetu, baba. Alfajiri. Tulikuwa tunaongea."

Petraq alimtazama binti yule, mikono imelowa, kidevu juu, akaona aibu kujificha nyuma yake.

"Niliichukua bila kuomba, baba. Na sasa hivi nilikuwa nataka kukudanganya tena."

Mzee Vangjel aliinamia boneti, akaitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga.

"Haya mawili yamebaki."

"Yameshaila rangi, mzee. Nimejaribu polishi kidogo kwa mkono, nikaacha. Ningeendelea yangeisha, na rangi ingeisha nayo. Nikaona bora uyaone."

"Fundi wa mwisho alinikwangulia mlango, akaniambia ni kivuli," mzee alisema polepole. Akamgeukia Petraq. "Wewe, akili ya kumchagua huyu umeipata wapi?"

"Dirishani, baba."

"Nyamaza. Sotir, kahawa ipo?"

Wazee wakaketi kwenye viti vya plastiki. Mirela akaleta kahawa, mabuti yakichuruzika sakafuni. Vangjel akakisogeza kikombe pembeni bila kukigusa, na Petraq akaelewa, maana mposaji hanywi mpaka ajibiwe.

"Kesho ningekuja na suti. Leo nimekuja na kandambili," Vangjel alisema. "Namwomba binti yako, Sotir. Kwa ajili ya mwizi wangu wa magari."

Sotir alimtazama binti yake. Mirela alikuwa anakamua kitambaa kilichokwisha kukauka.

"Unamtaka?"

"Namtaka, baba."

Sotir alikohoa, akavuta kiti karibu.

"Kunywa basi, Vangjel, inapoa."

Mzee hajafika nusu ya kikombe, Përmet nzima ilishajua.