Kwa Nini Bibi Dorkas Aliacha Kunywa Maji

Nyumbani kwa Eliufoo, kule Suji, milimani Upare, asubuhi huanza na kelele za mama yake, Bibi Dorkas. Anamkaripia mbuzi. Anamkaripia jogoo. Kisha anamuuliza mkwe wake, Agatha, mke wa Eliufoo, kama ameshabandika makande. Agatha hujibu huku akicheka. Wanapendana sana hawa wawili, ingawa ukiwasikia utadhani wanagombana.

Masika ilipoanza, Bibi akawa kimya. Alilala mchana kutwa. Akisimama, kizunguzungu. Siku moja alimwita Eliufoo kwa jina la marehemu mumewe. Siku nyingine alitia chumvi kwenye chai ya wageni wa kanisani. Wageni waliinywa yote, kwa adabu.

"Akili ya Mama inapotea," alisema Eliufoo. "Tumpeleke Same, kwenye nyumba ya wazee ya kanisa. Kule kuna manesi."

"Baba Anderson! Utamwacha mama yako kule?" Agatha alimwambia mumewe huku akilengwalengwa na machozi.

"Sasa akianguka sisi tuko shambani, je?"

Agatha alifunga nguo za Bibi kwenye kanga. Walipanda gari wakashuka Same. Njia nzima Bibi aliangalia nyuma, kule milimani. Aliogopa jambo moja tu: kufia mbali na nyumba yake.

Walipokelewa na Nesi Victoria, mama mnene mwenye kicheko kikubwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," Bibi alijibu kwa sauti ndogo.

Nesi alimtazama mdomoni. "Midomo imekauka. Mkojo wake ukoje?"

Eliufoo aliangalia dari. Agatha ndiye aliyejibu. "Kidogo sana, na rangi yake nzito kama chai ya rangi."

"Anakunywa maji?"

"Namwekea jagi asubuhi. Jioni nalikuta limejaa vilevile."

Nesi alivuta kiti, akakaa karibu na Bibi. "Bibi yangu, mbona hunywi maji?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Nikinywa, itabidi niende choo," alisema Bibi. "Choo chetu kiko chini bondeni. Mvua ikinyesha, njia ni utelezi mtupu. Niliteleza nikaponea kwa kushika mgomba. Basi, nikaacha maji."

"Mama, mbona hukuniambia?" aliuliza Eliufoo.

"Nikwambie mwanangu wa kiume habari za choo? Ah!"

Nesi alicheka, kisha akawaeleza. "Mzee hasikii kiu kama kijana. Mwili ukikosa maji, kichwa kinazunguka na mawazo yanachanganyika. Mzee akibadilika ghafla, msiseme ni uzee. Mpelekeni hospitali kwanza. Pengine ni maji, pengine malaria, pengine dawa anazotumia."

Siku hiyohiyo walimpeleka kwa daktari. Alimpima, akakuta hana ugonjwa mwingine. Alikuwa amepungukiwa maji tu. Bibi alipumzika kwenye nyumba ya wazee siku chache, akinyweshwa kidogokidogo. Haikuchukua muda akaanza kubishana na Mzee Yunus, mmoja wa wazee wa pale, kuhusu mbuzi wa wapi wananona zaidi, wa milimani au wa tambarare. Eliufoo aliposikia kelele zile kutoka getini, alifurahi mpaka akakimbia.

"Huyu Mzee Yunus hana mtoto wala ndugu," alisema Nesi. "Nyumba hii ni ya watu kama yeye. Bibi ana watu. Alichokosa ni choo cha karibu."

Eliufoo alirudi Suji akachukua panga na msumeno. Alitoboa kiti cha mbao, akaweka ndoo yenye mfuniko chini yake. Kiti kikakaa kando ya kitanda cha Bibi. Halafu alichimba choo kipya karibu na nyumba, akasimika na fito za kushikilia njiani. Bibi aliporudishwa nyumbani, Agatha naye akawa anampa kikombe kidogo kila mara: maji, uji, au chai ya tangawizi. Majirani walikicheka kile kiti. Baadaye walikuja kuchukua vipimo vyake, wawatengenezee wazee wao.

Mwezi uliofuata, Nesi Victoria alipanda mlima kuwatembelea.

"Bibi, utakuja tena kwetu Same?"

Eliufoo na Agatha walitazamana.

"Nitakuja," alisema Bibi. "Yule Yunus hana wa kubishana naye, namhurumia." Alimaliza kikombe chake, akakinyoosha kwa Agatha aongezewe. "Nitashuka asubuhi. Lakini jioni nalala kwangu."