Makubazi ya Odilia

Huyu Hermila ninayemsema ni jirani yetu. Nyumba yao iko juu ya yetu, na moshi wa jiko lao hushukia uani kwetu. Habari zake sikusimuliwa na mpita njia. Nyingine alinieleza mwenyewe, na nyingine niliziona kwa macho yangu nikiwa nimesimama na ndoo mkononi, nimesahau hata nilikuwa nakwenda wapi.

Mwaka ule mkutano wa kijiji ulimpa zamu ya kuongoza wageni. Kwetu San Melchor kazi hiyo haiombwi wala haikataliwi; jina lako likishatajwa, limetajwa. Wageni hupanda kutoka mjini asubuhi, hunywa kahawa kwetu, hupita msitu wa misonobari hadi mgodi wa zamani wa San Onofre. Pale hupiga picha, kisha hushuka kijiji cha pili kuona kanisa na kula samaki. Jioni wako kwao. Ni matembezi ya siku moja tu, hata wenye vitambi huyaweza.

Kazi ya kiongozi ni kugeuka nyuma. Ukungu wa milima yetu hauna adabu, humfunika mtu aliye hatua chache nyuma yako ukadhani hakuwahi kuzaliwa. Basi kiongozi hutembea huku akigeuka. Hermila aligeuka mpaka shingo ikazoea, hata akienda kuchota maji peke yake utamwona anageuka. Tulikuwa tunamcheka.

Kuna na desturi nyingine, hii ni ya kila mtu. Ukianguka au ukishtuka mahali, huondoki kimya kimya. Unajiita: "Twende, Hermila, usibaki hapa." Mtoto mdogo huitwa na mama yake. Asiyeitwa, mwili wake hurudi nyumbani na roho hubaki palepale ilipotishika. Wageni huona ni kichekesho, na sisi tunawaacha wacheke.

Odilia, mdogo wake Hermila, alikuwa akiuza mikate kwenye mdomo wa mgodi. Mguu wake wa kushoto ulivunjika utotoni na mfupa ukaunga vibaya, kwa hiyo aliuburuta. Kila jozi ya makubazi aliyonunua, la kushoto lililika kisigino upande mmoja wakati la kulia bado lina harufu ya duka. Siku moja mawe yaliporomoka ndani kabisa ya mgodi, upepo ukatoka kwa kishindo, na Odilia akaanguka chali kwenye maji ya pale mlangoni. Aliinuka akakimbia hadi nyumbani, mikate ameiacha. Hakukumbuka kujiita, na dada yake alikuwa ameshatangulia na wageni.

Tangu hapo akawa mtu wa kulala. Chakula hataki, jua hataki. Zahanati walimpima wakasema damu yake ni nzuri, wakampa vidonge vya kuongeza nguvu. Vidonge vikaisha, na Odilia naye akawa anaisha. Mama yao, Mama Cirila, alimlisha uji kwa kidole. Mwisho hata uji ukawa unatoka pembeni mwa mdomo.

Ndipo wakamwita Bibi Tomasa. Alimshika Odilia kifundo cha mkono, akasikiliza kwa muda mrefu kama mtu aliyebisha hodi anangoja kuitikiwa.

"Humu hamna mtu," alisema. "Yuko kule mgodini. Na akikaa huko siku mbili tatu zaidi, hamtakuwa na pa kumrudishia."

"Twende ukamwite, Bibi," Hermila alisema.

"Mimi? Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, mwanangu. Utakwenda wewe, ndiyo damu yake. Chukua mtandio wake. Mwaga pombe ya mezkali kidogo chini, choma ubani, upige ule mtandio mahali alipoangukia huku unamwita. Mtandio ukiwa mzito, ameingia. Ufunge kifuani uje nao. Njiani usiseme neno. Na usigeuke."

"Nikigeuka?"

Bibi Tomasa aliushusha ule mkono taratibu juu ya blanketi. "Atadhani unamwambia ashuke. Na pale si yeye peke yake anayetaka kurudi nyumbani. Wako wale wasichana waliokuwa wakiwapelekea wanaume chakula, siku mgodi ulipowafunika. Hao hawakuitwa na mtu."

Kesho yake ilikuwa zamu ya Hermila, na wageni walikuwa wameshaandikishwa. Kuacha zamu ni kuitwa mbele ya mkutano. Kungoja siku nyingine ni kumzika mdogo wake. Akaamua atafanya yote mawili.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Ndege walikuwa wanapiga kelele, kahawa ilikuwa nzito. Kiongozi mwenzake alikuwa binamu yake Fidencio, mtu asiyejua kufunga mdomo.

"Binamu, leo umenuna hivyo, umeota umeolewa na mimi?"

"Fidencio, nisikilize. Tukifika mgodini, chukua wageni wote utangulie nao. Mimi nitakuja nyuma. Usiniite, usiniulize kitu."

Fidencio alimtazama, kisha akauona ule mtandio mkononi. Akavua kofia.

"Ni wa Odilia?"

"Ni wa Odilia."

"Basi hata ukishuka na simba begani, sitauliza."

Miongoni mwa wageni alikuwamo mwalimu mstaafu, mama mmoja mcheshi mwenye koti jekundu. Alikuwa anachoka kila baada ya kona. "Nisubiri, binti," alikuwa akiita. "Nisubiri, nyonga zangu hizi si za serikali." Hermila aligeuka kila mara akamsubiri. Wakacheka pamoja. Kwa kitambo alisahau alichokuwa anakwenda kufanya.

Mgodini picha zilipigwa. Fidencio akawapanga watu na kuanza kushuka nao. Hermila alihakikisha lile koti jekundu limepita, akalitazama mpaka likamezwa na ukungu. Sauti zao zikafifia. Akabaki na ule mdomo mweusi na maji yaliyotulia mbele yake.

Akamwaga mezkali. Akawasha ubani. Moshi haukupanda juu. Ulijilaza chini ukaingia mgodini.

"Odilia," aliita, akapiga mtandio ardhini. "Twende nyumbani. Usibaki hapa. Mama anakungoja, Odilia."

Maji yalitikisika kidogo. Akapiga tena, akaita tena, machozi yanamtoka. Mara ya mwisho alipoinua mtandio, mkono ulishuka kwa uzito. Ulikuwa na joto pia, joto la mtu aliyetoka usingizini. Hermila alijua joto lile. Walilala kitanda kimoja utoto wote. Akaufunga kifuani, akageuzia mgodi mgongo.

Akaanza kushuka. Njia ilikuwa nyeupe. Misonobari ilikuwa inadondosha maji. Hakusema. Hakugeuka. Mtandio ulikuwa unapumua kifuani pake, au ni kifua chake mwenyewe. Nyuma yake kijiti kilivunjika. Hakugeuka. Kikavunjika kingine, karibu zaidi.

"Nisubiri, binti."

Ilikuwa sauti ya mwalimu. Sauti ileile, pumzi ileile ya kuchoka.

"Nisubiri."

Shingo iligeuka yenyewe. Ilishageuka kabla Hermila hajakumbuka kuwa ana shingo.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na njia, na mgodi, karibu kuliko alivyodhani ameuacha. Kifuani mtandio ukawa mwepesi. Halafu ukawa mzito tena. Ila sasa ulikuwa baridi.

Alikimbia. Alimkuta Fidencio kwenye kona ya chini, na mbele kabisa ya msafara, mwalimu wa koti jekundu alikuwa anamenya chungwa.

Angerudi mgodini? Kila mtu niliyemsimulia huuliza hivyo. Ubani ulikuwa umeisha, na nyumbani Odilia alikuwa hamezi hata maji. Hermila alijiambia uzito ni uzito, na baridi ni ya ukungu. Alimwachia Fidencio wageni, akakatiza msituni hadi nyumbani amefunga mdomo, akautandaza mtandio juu ya mdogo wake.

Odilia alifumbua macho. Akaomba maji, akanywa mtungi mzima. Kisha akatazama mlango.

"Wanaume wameshashuka?" aliuliza.

Mama Cirila alikuwa analia kwa furaha. Alisema mtoto anaweweseka, yatapita.

Hayakupita. Odilia alipona haraka, akanawiri. Alianza kuamka kabla jogoo hajawika, ili asage mahindi kwenye jiwe la marehemu nyanya yao, jiwe ambalo tangu mashine ije kijijini lilikuwa la kuzuilia mlango. Alikaanga chapati za mahindi nyingi, za kulisha kikosi, akazifunga kwa kitambaa na kuzipanga kapuni. Siku niliyosimama na ndoo, nilimwona ameshika lile kapu langoni, uso kwenye mlima. Nilimsalimu. Alinijibu kwa jina la mtu nisiyemjua. Mbwa wao alihamia kwetu, na hadi leo hapandi kule.

Na mguu ukapona. Alitembea wima, hatua sawasawa. Kijiji kizima kilisema ni muujiza.

Usiku mmoja Hermila alikwenda kwa Bibi Tomasa.

"Uligeuka," Bibi alisema, hata kabla hajaketi.

"Niligeuka. Naweza kumwita tena?"

"Aje alale wapi? Kitanda kina mtu. Kwanza umtoe huyu, na ule mwili ukae mtupu mpaka umfikishe mwenyewe kutoka mgodini. Pengine utavumilia, pengine hautavumilia. Hilo siwezi kuliamua mimi, wala wewe. Muulize aliyemzaa."

Usiku ule Hermila alinyunyiza majivu mlangoni yashike nyayo, kama tunavyofanya mtoto anapozaliwa. Asubuhi alimvuta mama yake mkono wakayatazama. Nyayo zilitoka, nyayo zikarudi. Zilikuwa nzuri, zimekanyaga sawa, kushoto na kulia.

"Mama, tazama. Odilia hajawahi kukanyaga hivi."

Mama Cirila alichukua ufagio. Akafagia majivu yote taratibu, mpaka sakafu ikawa safi.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nilimzaa mimi. Ulidhani sikujua siku ileile?"

"Basi tumtoe huyu, Mama. Tumwite mwenyewe. Yuko kule kwenye baridi peke yake."

"Na yule asipofika?" Mama Cirila alinong'ona. "Nitabaki na nini? Nitabaki na maiti. Huyu anakula, Hermila. Huyu ananiita mama."

Ndani, jiwe la kusagia lilikuwa limenyamaza. Wote wawili walisikia jinsi lilivyonyamaza. Kisha likaanza tena.

Sokoni Hermila alinunua makubazi mapya, saizi ya Odilia. Zamu yake ilipofika aliyaweka kwenye mdomo wa mgodi, juu ya jiwe kavu, pamoja na kipande cha mkate. Hakuita jina. Aliwaita wageni tu, mmoja mmoja, kama kawaida: twende, usibaki. Walicheka kama kawaida.

Zamu iliyofuata mkate ulikuwa palepale, umeota ukungu. Makubazi nayo yalikuwa palepale. Aliyainua, akayageuza. La kulia lilikuwa jipya. La kushoto lilikuwa limelika kisigino, upande mmoja, na tope lake lilikuwa bichi.

Aliyatia kwenye mkoba, akashusha wageni. Akawa wa mwisho. Nyuma yake, ndani ya ukungu, alisikia mtu anaburuta mguu.

"Nisubiri, dada."

Sauti hii haikuwa ya kuazima. Hermila alisimama. Shingo ilikuwa inamuuma kwa hamu ya kugeuka. Alikaza macho kwenye njia, machozi yanamwingia mdomoni.

"Bado, mdogo wangu," alisema. "Mama hajakubali."

Mwaka wake wa zamu uliisha zamani, lakini huomba aongezewe, na mkutano humpa. Nani mwingine anaitaka? Kila akipanda huacha jozi mpya na kurudi na ya zamani, akaitundika ukutani chini ya paa. Yule wa ndani hupita hapo kila alfajiri na kapu lake, bila kuitazama. Leo asubuhi nami nimepita. Nimeyashika makubazi ya mwisho: la kushoto limeliwa hadi kwenye kamba, na yote mawili yanachuruzika maji. Mvua kwetu haijanyesha tangu tuvune mahindi.