Ndiyo za Baba Pacha

Baba Pacha alikuwa fundi cherehani. Alihamia ugenini na mkewe, Mama Pacha, na mabinti zao mapacha wa miaka sita. Baada ya wiki moja alikuwa bado anajua neno moja tu la lugha ya pale, neno la kusema "ndiyo".

Alilipenda sana. Lilikuwa fupi, na kila alipolisema watu walitabasamu wakaenda zao.

Siku ya tatu mwangalizi wa jengo alimuuliza jambo huku akionyesha bafu. Baba Pacha akasema ndiyo. Kesho yake mafundi wawili wakaja, wakang'oa mlango wa bafu, wakaondoka nao. Kwa siku mbili familia ilioga nyuma ya shuka. Aliyekuwa bafuni alitakiwa kuimba ili wengine wajue kuna mtu. Mlango uliporudi ulikuwa umepakwa rangi mpya, nao haukuwa na kasoro tangu mwanzo.

Siku ya saba, bibi wa ghorofa ya juu alimsimamisha kwenye ngazi. Akazungumza kwa muda mrefu. Baba Pacha akasema ndiyo mara nne.

Asubuhi iliyofuata kengele ililia. Bibi yule alikuwa mlangoni, amevaa koti la safari. Kando yake alisimama mbwa mkubwa kama ndama. Alimkabidhi Baba Pacha kamba ya mbwa na mfuko wa chakula, akambusu mbwa kichwani, akashuka ngazi mbio.

Mama Pacha alikuwa ameshapanda juu ya kiti.

"Baba Pacha, huyo ni nani?"

"Mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Nadhani wetu."

"Anaondoka lini?"

"Hilo sikuuliza."

Mapacha walifurahi mno. Walimwita mbwa Mjomba, kwa kuwa alikuja na mfuko wake na hakusema atakaa hadi lini.

"Kwa nini hukumwambia yule bibi kwamba hujaelewa?" aliuliza Mama Pacha kutoka juu ya kiti.

"Mtu mzima kama mimi niseme sijaelewa? Wataniona mjinga."

"Na sasa wanakuona mwerevu?"

Baba Pacha akataka kutoka nje. Mjomba alikuwa amekalia viatu vyake.

Siku mbili baadaye, pacha mkubwa aliamka na homa. Koo lilimuuma hata kumeza mate akashindwa. Wazazi waliwachukua watoto wote wawili, wakaenda kituo cha afya mtaa wa pili.

Muuguzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Alimpima mtoto, akaangalia koo, kisha akachukua fomu na kuanza kuuliza maswali. Baba Pacha akakohoa kidogo, akavuta kiti mbele. Yeye ndiye msemaji wa familia.

Swali la kwanza. "Ndiyo."

Swali la pili. "Ndiyo."

Swali la tatu, muuguzi akainua nyusi. Akamtazama mtoto, akamtazama baba, akauliza tena.

"Ndiyo!" alisema Baba Pacha kwa mkazo.

Muuguzi akaandika. Akauliza swali moja zaidi, akajibiwa vilevile. Kisha akafungua kabati, akatoa boksi la dawa na bomba la sindano.

Mama Pacha hakuwa msomaji wa haraka. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, darasa la jioni. Lakini herufi za boksi lile alizifahamu, akazisoma moja moja kama alivyofundishwa. Pe. Ni. Si. Li. Ni.

Mtoto huyu alipokuwa na miaka mitatu alipewa dawa hiyo. Alivimba uso, pumzi ikabana, nusura wampoteze.

"Baba Pacha! Ni ile dawa!"

Akasimama kati ya mtoto na muuguzi, mikono ameitanua. "Hapana! Hapana!" alisema kwa Kiswahili. Akajaza hewa mashavuni, akajishika koo, akahema kama mtu anayekosa pumzi.

Muuguzi aliweka sindano chini papo hapo. Alichukua simu, akabonyeza namba, akaiweka mezani.

"Habari zenu," ilisema simu kwa Kiswahili safi. "Mimi ni mkalimani. Nitawasaidia mzungumze na muuguzi."

Baba Pacha alisimama wima. "Shikamoo, simu," alisema.

"Marahaba, ingawa huenda wewe ni kaka yangu. Haya, tatizo ni nini?"

Mama Pacha akaeleza yote. Mkalimani akamweleza muuguzi. Muuguzi akapauka, akasema maneno machache.

"Anauliza," alisema mkalimani, "alipotaka kujua kama mtoto aliwahi kutumia dawa hii bila madhara, kwa nini baba alisema ndiyo? Pia baba amesema mtoto anavuta sigara."

Pacha mkubwa, licha ya maumivu ya koo, alicheka. Mama Pacha hakucheka. Alimtazama mumewe.

Baba Pacha aliinamisha kichwa. Neno lilimtoka kwa shida, kama uzi unaokataa kupita tundu la sindano.

"Sikuelewa."

"Ungemwambia hivyo tu, kaka."

"Niliogopa ataniona mjinga."

Mkalimani alizungumza na muuguzi, akarudi. "Anasema kila siku anawahudumia watu wasiojua lugha, wala haoni tabu. Anayemtisha ni mtu anayeitikia tu. Hapa kituoni mkalimani ni bure. Mwombe kabla ya swali la kwanza."

"Nimwombeje, na lugha siijui?"

"Nitakufundisha sasa hivi."

Akamfundisha kusema "Nahitaji mkalimani," kisha "Sijaelewa," kisha "Rudia polepole, tafadhali." Baba Pacha alirudia hadi muuguzi akaanza kumpigia makofi.

"Na mtu akishakueleza," aliongeza mkalimani, "mwonyeshe ulichoelewa, hata kwa ishara. Hapo ndipo atajua kama mko pamoja. Halafu jina la dawa hiyo liandikeni kwenye karatasi. Mtembee nayo popote mwendapo na mtoto."

Mama Pacha aliliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.

"Samahani," alisema Baba Pacha, "sasa kuhusu mbwa..."

"Mbwa gani?"

Muuguzi akasema jambo.

"Anasema wagonjwa wengine wanasubiri," alisema mkalimani.

Mtoto alipewa dawa nyingine ya kumeza. Siku ya tatu alikuwa anagombana na mwenzake kama kawaida. Siku hiyohiyo bibi wa juu alirudi, akamchukua Mjomba, akauliza kitu huku akitabasamu.

"Sijaelewa," alisema Baba Pacha. "Rudia polepole, tafadhali."

Bibi alicheka, akachora kwenye karatasi: mbwa, begi, na vidole vinne, yaani siku nne nyingine. Baba Pacha akatikisa kichwa kwa heshima, akaelekeza kidole kwa Mama Pacha, aliyekuwa juu ya kiti. Bibi akaelewa. Mapacha tu ndio waliolia.

Jumatatu Baba Pacha alianza kazi katika karakana ya mapazia. Msimamizi aliwaita mafundi wote kwenye mashine mpya ya kukatia vitambaa. Alieleza haraka haraka, kisha akauliza kama wameelewa. Mafundi kumi na mmoja, wageni wa nchi mbalimbali, waliitikia kwa vichwa.

Baba Pacha akainua mkono. "Sijaelewa. Rudia polepole, tafadhali."

Wote wakamgeukia. Masikio yakamwaka moto.

Msimamizi akaanza upya, polepole, akionyesha kwa kidole. Hapa kitambaa kinaingia. Hapa kisu kinashuka. Kitufe hiki chekundu kinasimamisha kisu. Baba Pacha akakibonyeza mwenyewe, na kisu kikasimama. Msimamizi akainua dole gumba.

Wenzake walianza kusogea, mmoja mmoja, hadi wote wakaizunguka mashine. Kila mmoja akataka kukibonyeza kile kitufe.

Msimamizi alipogeuka aondoke, mama mmoja mtu mzima, aliyefanya kazi pale miaka mingi bila kuuliza swali hata moja, akainua mkono. Alitaka msimamizi arudie tena, tangu mwanzo.