Alama Saba kwa Kumi

Walikutana kwenye foleni ya kujiandikisha, ukumbi wa maktaba ukiwa umejaa wazee wanaotaka kusoma. Darasa lao halikuwa na mtihani wala cheti. Walifundishana kwa zamu, kila mmoja alijualo.

Mwanamke alikuwa mshonaji na mjane, amevaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe, na wote wakamwita Fundi. Mbele yake alisimama mwalimu mstaafu, shati limenyooshwa vizuri, upindo wa suruali umeshikwa kwa pini. Fundi aliuona upindo kabla ya uso. Miezi miwili baadaye walikuwa wakikaa dawati moja, na jioni Mwalimu akimpigia simu, Fundi alijikuta anatengeneza kilemba kabla ya kupokea, kana kwamba anaonekana.

Zamu yake ilipokaribia, aliandika somo lake la kushona, kurasa mbili, akampa Mwalimu asome. Mazoea yana taabu. Karatasi zilirudi zimejaa wino mwekundu, na chini: *7/10. Jitahidi zaidi.*

Fundi aliacha shule darasa la nne kwa sababu ya wino kama ule. Aliumia. Wiki mbili hakuja wala hakupokea simu. Ya tatu akapokea.

"Fundi wangu, kiti chako kitupu."

"Si nimeambiwa nijitahidi? Najitahidi huku nyumbani."

"Marehemu mke wangu alikuwa akinificha barua zake nisizisahihishe. Sikuwahi kumwomba radhi. Wewe nakuomba ningali na muda. Jumanne ni zamu yako. Usipokuja, nitafundisha mimi."

"Kushona? Wewe?"

"Mimi."

Siku ya Jumanne Fundi alijiambia anakwenda darasani kuchukua miwani aliyoisahau. Alisimama mlangoni. Mwalimu alikuwa ameketi mbele, suruali anayoipinda ikiwa mapajani, kidole kimefungwa kitambaa chenye damu, anasoma kurasa zile mbili neno kwa neno kama zilivyoandikwa kwanza. Wazee kumi na mmoja walimfuata kwa utiifu, na wote walikuwa wanakosea.

Mwalimu alipomwona, alimnyooshea kalamu nyekundu. "Sahihisha."

Fundi aliipokea, akaitia mkobani, akaufunga. Kisha akatoa mkasi. "Fumueni wote. Tunaanza upya."

Wenzao walipoondoka, Mwalimu alibaki na upindo wake.

"Umenipa ngapi?"

"Hapa hatupeani alama."

"Basi nioe, nifundwe nyumbani. Mimi mzito wa kuelewa. Nitahitaji miaka."

"Mwanamume ndiye anayeoa, Mwalimu. Umekosea."

"Nimekosea mengi. Hilo je, unakubali?"

Alimtazama. Uzi wa Mwalimu ulikuwa umekataa kuingia kwenye tundu la sindano. Fundi alivichukua vyote viwili, akavisogeza penye mwanga wa dirisha, akautunga.

"Miaka siwezi kukuahidi, mpenzi," alisema, akimrudishia. "Lakini kesho njoo nyumbani na suruali zako zote."