Boksi la Chai Kutoka Kusini

Mnada wa samaki wa Ushiomi huanza saa kumi na moja alfajiri, na asiyependa kusukumwa abaki kwake. Ilikuwa Julai, ngisi wamejaa, boti za wageni zimebanana gatini hata maji huyaoni. Fumino Kitazato alikuwa ameinama akikagua kasha la ngisi, wakati mmoja wao, ambaye kila mtu aliamini ameshakufa, alipomrushia wino kifua kizima.

"We kaka! Ngisi wako hana adabu?"

"Nisamehe, dada," alisema aliyelibeba kasha. "Usiku kucha katazama wanaume wanaonuka dizeli. Ghafla kaona mrembo, akapotewa na akili."

"Na mwenye ngisi je?"

"Mwenye ngisi bado anajikaza."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Fumino hakucheka, ila alimtupia jicho: kijana wa miaka thelathini na kitu, ovaroli la kijivu lenye madoa ya grisi, taulo shingoni, mdomo mwepesi. Kijana naye alimwona dada mrefu mwenye buti nyeupe za mpira, aproni ya buluu, na kitambaa chekundu alichokikaza kichwani kama mtu anayekwenda vitani. Jua lilipochomoza alikuwa ameshauliza jina lake kwa watu watatu.

Yeye aliitwa Kaname Eguchi, fundi wa injini kwenye boti ya ngisi kutoka Kyushu, kusini huko. Sisi watu wa Ushiomi tunawajua hao. Huwafuata ngisi kutoka kusini hadi Hokkaido, kaskazini kabisa, majani yakianza kupukutika wanarudi, kila bandari siku tatu, siku nne, na ahadi tele. Bibi zetu waliachiwa ahadi hizo hizo na mabaharia wa meli za matanga zilizoleta mwani kutoka kaskazini. Ndiyo maana Shangazi Yoshie alipomwona Fumino, mtoto wa kaka yake, anajipaka rangi ya mdomo ili aende kula tambi na Kaname, alisema neno moja tu: "Haya."

Fumino alikuwa na sababu ya kulisikia neno hilo. Nyumba ya Kitazato imeuza mwani na ngisi wakavu kwa vizazi vinane, na yeye ndiye mtoto pekee. Mama alishafariki. Baba yake, mzee Tokuzo, alipatwa na kiharusi majira ya kuchipua, na tangu hapo maneno yalimtoka moja moja, kwa jasho. Fumino akiolewa akaondoka, jina la nyumba linafutwa mlangoni.

Lakini moyo una masikio? Siku ya tatu wakapanda kilima ambako mabaharia wa zamani walikwenda kutazama upepo. Juu yake pana sanamu ya jiwe ya Jizo, mlinzi wa wasafiri, naye amefungwa kamba kiunoni.

"Huyu kafungwa kwa kosa gani?" Kaname aliuliza.

"Wanawake wa hapa ndio waliokuwa wakimfunga, akasirike, alete dhoruba. Meli zisitoke."

"Na wewe kamba yako iko wapi?"

"Nimfungie nani? Wewe?"

"Nimeuliza tu."

"Kaiulize injini yako." Kisha Fumino akaacha utani. "Kaname, mimi hapa siondoki. Nakwambia mapema usije ukasema hukujua. Anayenitaka anachukua na nyumba, na jina la nyumba."

Kaname akatazama bahari. Tangu ana miaka kumi na minane hajapata kulala mahali pamoja mwezi mzima, na maneno yale yalimwasha miguu. Akatania kidogo, akambusu kwenye paji la uso.

Boti ikaenda zake kaskazini. Zikabaki simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Ngisi."

"Pole."

"Jana ngisi, juzi ngisi. Fumino, nikifa mnizike mbali na bahari."

"Nani kasema mimi ndiye nitakayekuzika?"

"Mbona unanichoma, roho yangu?"

Hivyo hivyo Agosti nzima. Fumino akawa anapika simu iko mfukoni, anaanika ngisi simu iko mfukoni, na ikilia anaiacha kamba ya kuanikia nusu tupu. Mwezi wa Septemba Kaname alipiga simu, sauti imebadilika.

"Nimemweleza mama habari zako. Atatuma kitu kwenu. Ukikiona utaijua nia yangu."

"Kitu gani?"

"Subiri. Siku hizi una haraka kama mimi."

Kifurushi kilifika asubuhi mbaya. Mzee alikuwa amezidiwa, amerudishwa hospitali. Shangazi Yoshie ndiye aliyefungua: boksi jeupe, ndani makopo mawili ya majani ya chai, na kadi yenye jina la Eguchi. Basi. Shangazi akakaa chini kwenye kizingiti.

"Chai," alisema. "Fumino, wametutumia chai."

Hapa kwetu chai ya kwenye boksi inajulikana kazi yake. Mazishi yakiisha, waliofiwa huwapelekea wale waliokuja na rambirambi. Kwenye nyumba yenye mgonjwa hapeleki mtu ila adui.

"Baba hajafa," Fumino alisema.

"Hajafa, lakini yuko anayemsubiri afe. Ulimwambia huwezi kumwacha baba yako, sivyo? Basi jibu lake ndilo hilo."

Fumino aliumia, akaumia hasa. Alilifunga boksi upya, akalirudisha lilikotoka mchana uleule bila barua, akaifungia namba ya Kaname. Kisha akawa hatulii. Anashika kisu, anakiacha. Anatoka kwenda gatini, anarudia njiani.

Kule Kyushu mama yake Kaname alilipokea boksi mlangoni akalia mpaka majirani wakaja. Akampigia mwanawe.

"Wameirudisha chai."

"Labda haikufunguliwa, mama."

"Imefunguliwa. Wameiona, wakairudisha. Nilipeleka chai kwa wakwe wa kaka yako wakaipokea kwa mikono miwili. Huko ulikokwenda ni kwa watu gani, mwanangu?"

Maana kwao kusini, chai ndiyo posa. Mama wa mwanamume akishaituma, neno limepigwa msumari. Kumrudishia ni kumtemea usoni. Kaname alipiga simu mara kumi na moja, haikupokewa hata moja. Akaapa kwamba hatakanyaga tena Ushiomi. Halafu akaanza kuhesabu siku zilizobaki kufika Ushiomi.

Boti iliingia mwisho wa Oktoba kujaza mafuta, iondoke saa mbili asubuhi. Mnada ulikuwa umechangamka. Kaname alikuwa ameandaa maneno makali tangu Hokkaido, lakini alipokiona kile kitambaa chekundu yalimtoka mengine.

"Umekonda."

"Hayakuhusu. Kawatumie chai wenye maiti wao."

"Maiti gani?"

"Baba yangu alikuwa hospitali na mipira puani, wewe unatuletea chai ya matanga!"

Mpiga mnada akageuka katikati ya bei.

"Chai ya matanga?" alidakia Kaname. "Fumino, ile ilikuwa posa! Mama alivaa kimono yake nzuri kwenda kuichagua!"

"Posa ya chai?"

"Kwani nyinyi mnaposa kwa kitu gani?"

"Kwa mwani na ngisi mkavu, kama watu wenye akili!"

"Ngisi? Nilikuletea ngisi siku ya kwanza, ukanigombeza!"

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Fumino alicheka huku machozi yanamtoka, akiyafuta kwa mkono wenye magamba ya samaki. Kisha akauliza, "Na kwa nini chai?"

"Mchai ukishaota mahali haupandikizwi. Ukiuhamisha unakufa. Aliyeposwa kwa chai harudi kwao."

Kicheko kikamwisha. "Kwa hiyo mimi ndiye wa kwenda kuota huko kwenu."

"Mama alifikiri hivyo."

"Na wewe?"

Kaname alivua taulo shingoni, akalikunja, akalikunjua. "Mimi kila bandari nikifika nataka kuondoka. Hapa tu ndipo nikiondoka nataka kurudi. Nimekwenda mpaka Hokkaido na nimerudi, naona hivyo hivyo. Jina la Eguchi kaka yangu analitosha. Nipeleke kwa baba yako."

"Boti yako inatoka saa mbili."

"Basi kaza mwendo, mpenzi, hizo buti zinakuchelewesha."

Mzee Tokuzo alikuwa amerudi nyumbani wiki mbili, amelazwa chumba cha nyuma kinachotazama bandari. Kaname aliingia na ovaroli lake na harufu yake ya dizeli, akapiga magoti, akagusa mkeka kwa paji la uso. Shangazi Yoshie alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mzee, mimi ni Kaname Eguchi. Mkataba wangu wa boti unakwisha Desemba. Namwomba Fumino. Naomba pia nichukue jina la nyumba hii."

Mzee akamtazama. Chini bandarini honi ya boti ikalia. Goti la Kaname likaanza kucheza, Fumino akaliona, akawaza: huyu atainuka, atakwenda, kama wote. Kaname akaliwekea goti kiganja, akalikandamiza.

Honi ikalia mara ya pili. Mzee akafungua mdomo, upande mmoja wa midomo ukavutika.

"Usijichoshe, kaka," alisema Shangazi.

Mzee aliinua mkono kumnyamazisha.

"Kitazato," alisema. Wakasubiri. Jasho lilimtoka kwenye nyusi. "Kaname."

Hakuna aliyewahi kuyaweka majina hayo mawili pamoja. Kaname alichelewa kidogo kutambua kwamba anayeitwa ni yeye.

"Naam, baba."

Mzee akakunja uso, akaelekeza kidole sikioni. "Sauti," alisema.

Kaname akavuta pumzi, akaitika tena, na sisi tuliokuwa gatini tulimsikia.