Kuku Ndani ya Jiko

Kila alfajiri kabla ya kwenda shule, Esinam, binti yangu wa miaka kumi na miwili, huchekecha muhogo uliokunwa na kukamuliwa. Dada yangu Akpene huukaanga kwenye sufuria pana mpaka uwe punje kavu za kuuza sokoni. Moshi wa kazi hiyo ndio uliomla kifua mke wangu mpaka tukamzika. Sasa Akpene naye alikuwa ameanza kukohoa vilevile.

Mwaka jana walikuja vijana wa chuo kikuu na mwalimu wao, Dakta Agbenu. Walisomea kuanzisha biashara isiyoharibu mazingira, na mtihani wao ulikuwa kutujengea jiko lenye bomba la kutoa moshi. Wakalijenga kwa saruji.

"Wanangu, saruji haiwezi moto huu," Akpene aliwaambia. "Chukueni udongo wa kichuguu."

Dakta akacheka. "Mama, haya yamekwisha kupimwa."

Mimi sikusoma, lakini nimeona: mkubwa akikosea kupima, mdogo ndiye anayezikwa. Siku ya tatu jiko likapasuka. Wao walikuwa wamekwisha kupiga picha na kuondoka. Kuku wetu akahamia humo.

Baada ya miezi sita Dakta alirudi na mwanafunzi mmoja, Selorm. Kesho yake mwamuzi wa mashindano ya chuo angekuja kuchagua kikundi bora cha kupewa tuzo. Wakapaka nyufa chokaa, kisha Dakta akamwita Esinam.

"Wakikuuliza, sema mnalitumia kila siku. Tukishinda, tutamjengea kila mkaangaji jiko kama hili. Ukiharibu, hamtatuona tena. Umesikia, bibi mdogo?"

"Nimesikia, bwana."

Wakati wa chakula Esinam alinong'ona, "Baba, nikisema kweli, shangazi atakosa jiko. Atakufa kama mama."

"Basi sema wanavyotaka," nikamjibu. "Hawa wakubwa ukweli hauwashibishi."

Asubuhi alimtoa kuku, akayaficha mayai saba chini ya tenga.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani. "Mwanangu, jiko hili mnaliwasha lini?"

"Kila siku, mama. Alfajiri."

Kikohozi kikasikika nyuma ya nyumba, kirefu, cha kukwaruza.

"Na huyo ni nani?"

Esinam akanitazama. Nikainamisha kichwa.

"Ni shangazi. Anakaangia kwenye mafiga."

"Mafiga, na jiko lipo?"

"Nimekudanganya, mama. Humo hutagia kuku. Lilipasuka siku ya tatu. Na mama yangu alikohoa hivyohivyo mpaka akafa."

"Mtoto huyu amechanganyikiwa!" Dakta alifoka.

"Hapana, Dakta," Selorm akasema polepole. "Hajachanganyikiwa."

Mwamuzi akafunga daftari. Alisema hakuna atakayefaulu mpaka mkaangaji mwenyewe aseme jiko linafanya kazi. Dakta akapanda gari bila kuaga.

Wiki mbili zikapita kimya. Esinam alilia kila akisikia kile kikohozi. Kisha siku moja Selorm akatokea peke yake, jembe begani.

"Mama, naomba unifundishe."

"Vua viatu kwanza," Akpene akamwambia.

Selorm alikanyaga udongo wa kichuguu na majani makavu kutwa nzima. Wanawake wakamcheka: "Kanyaga, mtaalamu! Udongo hausomi vitabu!" Naye akacheka, akakanyaga.

Akpene akalifinyanga jiko, Selorm akaweka bomba. Likakauka, likawashwa, moshi ukapita juu ya paa. Halijapasuka mpaka leo, ingawa kifua cha Akpene hakijapona sawasawa.

Siku ile ya kwanza kuliwasha, dada yangu alimshika Esinam bega. "Mwanangu, uongo ule ungempa Dakta tuzo, mimi ungenipa jeneza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na jiko bovu likisifiwa, nani atakuja kulitengeneza? Ukiona ufa, sema ni ufa, hata ukiwa unaogopa." Akanigeukia. "Nawe kaka, uliyemfunza mtoto kudanganya, umesikia?"

Nilisikia. Kichuguu kile tulikochimba udongo wa jiko kipo hatua thelathini kutoka kaburi la mke wangu, na kilikuwepo siku zote.