Mkate Uliolazwa Kifudifudi

Elmurod alianza kumpenda Nafosat akiwa anagombezwa naye, na mpaka leo anaapa kwamba hajawahi kuambiwa maneno matamu kuliko yale.

Ilikuwa soko la Chorsu, hapa Tashkent, siku ya kuamkia Navruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, watu wamebanana kwenye safu ya wauza mikate hata pa kuweka mguu hapana. Elmurod ni dereva wa malori ya safari ndefu, mabega mapana, koti la ngozi limechubuka viwikoni. Alinunua mkate, akautua mezani, uso wa mkate chini, akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Kaka, mkate haulazwi kifudifudi."

Akainua macho. Msichana mwenye gauni la atlasi, manjano na zambarau, kitambaa kimefungwa kisogoni, alikuwa ameshaugeuza mkate na anaupangusa kwa kiganja.

"Samahani, dada. Njaa hii."

"Njaa haiondoi adabu. Kwenu hakuna mama?"

"Mama yupo. Mke ndiye hayupo."

Wauza mikate wakaangua kicheko. Msichana akajikaza asicheke, ikamshinda.

"Kwa adabu hizo utamngoja sana huyo mke."

"Basi nipe namba ya simu, uwe unanifunza kidogo kidogo, Bibi Adabu."

"Nenda zako huko."

Lakini namba alitoa. Hilo kwao hakulisimulia.

Wakaoana, akaletwa mtaani kwetu. Mimi ni Mama Dilorom, jirani yao. Ukuta wetu ni mmoja, tena wa udongo, na ukuta wa udongo hauna siri. Kwetu mkamwana huamka kabla ya wakwe. Anafagia ua, anafagia na barabara mbele ya lango, ananyunyiza maji vumbi lilale, na wenye nyumba wakifumbua macho wakute chai mezani. Mtaa mzima hupima malezi ya msichana kwa ufagio wake. Nafosat alifagia akiimba, na mama mkwe wake, Bi Hosiyat, alijidai naye kila harusi aliyoalikwa.

Akazaliwa Shohruh. Siku arobaini za uzazi mama alilala na kulishwa supu, watu wakambeba mtoto. Arobaini ilipokwisha, ufagio ukarudi mkononi, unga ukarudi, chai ya wageni ikarudi, na mtoto mwenyewe alikuwa mlizi, usiku kucha yuko titini. Elmurod wakati huo yuko njiani, anapeleka cherry na tikiti Kazakhstan, karibu hakai nyumbani. Yule binti akaanza kunyauka mbele ya macho yetu. Nilimwona anafagia mahali palepale mara tatu. Nyimbo sikuzisikia tena.

Elmurod yeye alikuwa na simu tu.

"Bibi Adabu, umeninunia?"

"Hapana, Baba Shohruh."

"Zamani ulikuwa unanitania mpaka nasimamisha lori nicheke. Siku hizi ni mm, mm. Mimi naongea na mke au na ng'ombe?"

"Mm."

"Unaona? Nafosat, umenichoka?"

Kimya. Akaita tena, kimya. Angekuwepo angeona mkewe amelala amekaa, shavu kwenye bakuli la unga, simu imeteleza chini ya meza. Lakini yuko kwenye usukani mbali huko, anachosikia ni mwanamke asiyejibu swali ambalo kila mke hulijibu haraka. Moyo ukamchoma. Akakata simu, akaapa hapigi tena mpaka apigiwe.

Nafosat alipoamka, alikumbuka tu kwamba mumewe alisema jambo akalikata katikati. Akangoja simu. Siku zikapita. Akajisemea kwamba ameshakuwa mbaya, maziwa yananuka nguoni, ni haki yake mume kumkimbia. Nilimkuta analia huku anakanda unga, nikamuuliza, akasema ni kitunguu. Kitunguu chenyewe hakikuwepo.

Ndipo Bi Hosiyat akamtumia mwanawe picha. Wageni walikuwa wamekaa, mezani kuna chai, lozi, zabibu kavu, na katikati mkate umelazwa kifudifudi. Chini akaandika: "Tazama mkeo anavyotudharau mbele za watu. Nimemwita mama yake aje amchukue."

Elmurod alikuwa anakula kando ya barabara. Mama yake aliona dharau. Yeye alimwona yule msichana wa Chorsu akiupangusa mkate wa mtu asiyemjua. Nafosat aulaze mkate kifudifudi? Angesahau jina lake kwanza. Akajua nyumbani kuna jambo. Alimpigia tajiri wake, akamwachia mwenzake lori, akapanda gari la kwanza lililokuwa linarudi Tashkent.

Alifika mchana kweupe. Lango wazi. Chini ya mizabibu, Nafosat amekaa, kitambaa kimekaa upande, gauni lilelile la manjano na zambarau linamning'inia kwa kukonda. Mguu wake unabembeza beshik, kile kitanda cha mbao cha mtoto, shela limefunika. Anaimba taratibu, macho yako wazi.

"Nafosat."

Hakugeuka. Elmurod akasogea, akainua shela ampige mtoto busu.

Hamna mtoto.

Kitanda kitupu kinabembea, na mama anaimba. Enyi wenzangu, kwetu hata kichaa habembezi beshik tupu. Wanasema ni kumwitia mtoto mauti. Elmurod akakaa chini kwenye matofali.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si huyu," akasema Nafosat kwa upole. "Usiongee kwa sauti, ndiyo kwanza amelala."

Wakati huohuo Bi Hosiyat anaingia langoni, na mama yake Nafosat nyuma yake, amekuja kuitika mwito. Bi Hosiyat akaona kitanda kitupu kinayumba, akatupa mkoba, akajipiga kifua.

"Muuaji huyu! Anataka kumzika mjukuu wangu! Mwanamke, mchukue binti yako sasa hivi!"

Mimi nikasikia, nikatoka mbio na Shohruh begani. Mtoto alikuwa kwangu tangu asubuhi. Nilimkuta analia kitandani na mama yake anamtazama bila kumwona, nikamwambia namchukua, akaitika vizuri tu, "Sawa, mama." Sikujua kwamba hakusikia hata neno moja.

Nafosat akamtazama mtoto begani kwangu, akatazama kitanda, akatazama mguu wake mwenyewe. Hapo ndipo alipoelewa.

"Nichukue, mama," akamwambia mama yake. "Wana haki. Mimi si mzima."

"Haendi mtu," akasema Elmurod. Alisimama, akamgeukia mama yake, na sauti yake haikuwa kali. "Mama, huyu analala saa ngapi?"

"Sisi sote tumelea hivyo. Mimi nimezaa watano."

"Najua. Nauliza huyu. Usiku ananyonyesha, alfajiri anafagia, mchana anapika, jioni ana wageni wako. Analala saa ngapi?"

Bi Hosiyat akafungua mdomo. Akafikiri. Nilimwona anatafuta saa hiyo katika siku nzima, na haipo. Akaketi palepale ukingoni mwa kibaraza, uso umemshuka.

Elmurod akachuchumaa mbele ya mkewe.

"Nilidhani umenichoka."

"Nimechoka tu, Baba Shohruh," akasema. "Sina hata nguvu za kukukumbuka."

Alimbeba kama alivyo, na viatu vyake, akamlaza chumba cha ndani.

Asubuhi yake mtaa wetu ulipigwa na butwaa. Dereva wa lori, mabega yale, yuko langoni na ufagio wa mkewe, anatimua vumbi hata mahali pa jirani kwa kutojua. Wanaume wanaotoka msikitini wakasimama. Mmoja akamtania, "Elmurod, umeolewa lini?" Akajibu, "Mwaka juzi, sokoni Chorsu," akaendelea kufagia. Ndani, Bi Hosiyat anabembeza beshik, na safari hii ina mtoto.

Nafosat aliamka jua liko juu ya mizabibu. Akakurupuka, ole wangu, nimechelewa, akatoka peku na nywele wazi. Ua umefagiwa, maji yamenyunyizwa, chai iko mezani. Elmurod amekaa anamngoja. Na katikati ya meza, mkate umelazwa kifudifudi.

Nafosat aliuona kabla ya kumwona mumewe. Mkono ukaenda wenyewe, ukaugeuza, ukaupangusa.

"Kaka," akasema, sauti bado ya usingizi, "mkate haulazwi kifudifudi. Kwenu hakuna mama?"

Elmurod akafunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika.

"Mama yupo," akasema. "Mke ndiye niliyekuwa namngoja."